Sheria ya Kirumi: tuisifu tu, au tuiseme yote?

MTOA MADA: Ndugu zangu, kila tukizungumzia haki, hukosi mtu wa kusema tuwashukuru Warumi. Anayedai ndiye athibitishe. Mtu asiwe hakimu wa kesi yake mwenyewe. Heri mkosaji aachiwe kuliko asiye na hatia kuadhibiwa. Yote yamo katika vitabu vilivyokusanywa kwa amri ya Kaisari Justinian, kati ya mwaka 529 na 534. Hapo sibishi. Nabisha tukifundishwa nusu.

Chukueni kifungu cha 258 cha sheria ya mikataba ya Kongo, amri ya mwaka 1888 ya Leopold II, mfalme wa Ubelgiji aliyeitawala Kongo: anayemtia mwenzake hasara kwa kosa lake, lazima afidie. Kilitoka katika sheria ya Napoleon wa Ufaransa ya mwaka 1804, na mzizi wake ni Lex Aquilia, sheria ya Roma ya kulipia hasara, karne ya 3 kabla ya Kristo. Sura yake ya kwanza inasema aliyeua mtumwa wa mtu, au mnyama wake wa kufugwa mwenye miguu minne, alipe thamani ya juu kabisa aliyofikia marehemu katika mwaka ule. Mtumwa na ng'ombe, sentensi moja! Na fidia haiwafikii watoto wa mtumwa, anapokea bwana wake. Kongo ya Leopold nako, kifungu kilikuwa kwenye karatasi, watu wakikatwa mikono kwa ajili ya utomvu wa mpira. Nani alifidiwa?

MCHANGIAJI: Usiihukumu kanuni kwa dhambi za walioishika. Warumi haohao waliandika kwamba mwili wa mtu huru haukadiriwi bei. Leo mjane wa Lubumbashi aliyegongewa mume na lori anadai kwa kifungu hichohicho. Tukikitupa, ashike nini?

MTOA MADA: Sijasema kitupwe, dada. Ila umesema "mtu huru", na hapo ndipo penye kidonda. Mwaka 61 baada ya Kristo, Pedanius Secundus, mkuu wa jiji la Roma, aliuawa na mtumwa wake mmoja. Watumwa 400 wa nyumba ile wakauawa wote, wanawake na watoto wakiwemo. Raia walijaa barabarani kupinga. Kaisari Nero akapanga askari njia nzima. Na aliyesimama katika Seneti, baraza kuu la Roma, kutetea adhabu hiyo ni Gaius Cassius, mwanasheria aliyeheshimiwa kuliko wengi wa zama zake. Mwanafunzi anayekariri "anayedai athibitishe" alijue na jina hilo. Wale 400, nani alithibitisha kosa lao?