Mdomo unatoa harufu mwaka wa pili sasa na mswaki napiga, naombeni ushauri

Msusi wa Mwanjelwa
Habari za jioni ndugu zangu. Mimi ni msusi hapa Mbeya. Napiga mswaki asubuhi na usiku, natafuna karafuu, pipi za minti haziishi mfukoni, lakini harufu iko palepale. Wiki iliyopita nilimwinamia mteja nimsuke nywele za mbele, akageuza uso taratibu akabana pumzi. Hakusema neno. Tangu siku hiyo nasuka na barakoa, na nyumbani naongea na mume wangu nimeziba mdomo kwa kiganja. Dawa za minyoo nimemeza mara mbili, za vidonda vya tumbo pia, hakuna nafuu. Meno hayaumi, ila nikipiga mswaki natema damu kidogo.

Mama Uyole
Pole sana mdogo wangu. Hiyo damu usiizoee, fizi zako zinaumwa. Mimi nilikuwa na ugaga nyuma ya meno ya chini, mgumu kama ukoko wa wali, mswaki hauutoi ng'o. Nilikwanguliwa na daktari wa meno ndipo nikapona. Nunua uzi wa meno duka la dawa (usitumie wa cherehani), upitishe katikati ya magego ya mwisho, kisha unuse.

Mnyalu Mafinga
Na ulimi je? Ule utando mweupe kule nyuma ndiko bakteria wanakojificha. Ukwangue kila siku, polepole. Halafu kunywa maji. Baridi ya Juni huku kwetu watu tunashindia chai tu, kinywa kinakauka, na mate yakipungua harufu inapanda. Pipi zenye sukari acha, zinawalisha haohao bakteria.

Tabibu Njombe
Dada, mara nyingi harufu hii huanzia kinywani kwenyewe. Kwa nini umeze dawa za tumbo bila kupimwa, na mdomo haujafunguliwa na mtu yeyote akauangalia? Nijibu haya: una jino lililotoboka? Unakohoa vipunje vyeupe vinavyonuka? Hivyo hutoka kwenye tonsili. Makamasi yanashukia kooni? Unalala mdomo wazi? Kuna dawa za presha na za mzio zinazokausha kinywa, unatumia yoyote? Kama una kiu isiyoisha na unakojoa sana, pima sukari.

Msusi wa Mwanjelwa
Tabibu, kiu sina, vipunje sina, dawa situmii. Gego moja la chini kulia lina tundu, nililiacha kwa sababu haliumi. Mama Uyole, uzi nimenunua leo. Nimeupitisha hapohapo, umetoka na damu, na harufu ni ileile. Nimelia. Jumatatu nafunga saluni naenda kwa daktari wa meno. Kukwanguliwa kunauma?

Mama Uyole
Kunakera, na meno yatashtuka na maji baridi siku chache. Mwonyeshe na hilo gego. Na mumeo mwambie leo, mwende wote.