Naomba ushauri: mchapishaji anataka haki zote za riwaya yangu ya michoro

Habari zenu wakuu. Nimechora kurasa 64 za riwaya yangu ya michoro, na kwa hesabu yangu itafika 180. Ukurasa mmoja unanila siku tatu: penseli, wino, kisha maneno ya kwenye viputo, ambayo ndiyo yananitesa zaidi. Jana nimefuta kiputo kimoja mara nne hadi karatasi ikachubuka, kumbe uso wa yule bibi ulishasema kila kitu.

Sasa kuna mchapishaji anaitaka. Malipo ya awali ni kiduchu, hilo navumilia. Kinachoninyima usingizi ni kipengele kinachompa haki zote, hadi za filamu na tafsiri, milele. Najua mchoraji Art Spiegelman alianza kutoa Maus, riwaya yake ya michoro, sura kwa sura jaridani mwaka 1980, akaimaliza 1991, tuzo ya Pulitzer ikaja 1992. Lakini mimi kifundo cha mkono kimeshaanza kuuma, miaka kumi na moja sitaiweza!

Mliowahi kusaini, mliwezaje kubaki na haki za filamu? Na je, nianze kutoa sura moja moja au nisubiri kitabu kikamilike?