Nimepewa zamu ya somo jumuiya, haya mafunzo ya imani kwenye maisha ya nyumbani mnayatoaga wapi?

KijanaWaKinyerezi

Habari zenu wakuu. Naomba msaada na tafadhali msinicheke sana.

Jumuiya yetu huku Kinyerezi tunakutana jumamosi saa 12 asubuhi nyumba kwa nyumba, sasa mwenyekiti kaja na utaratibu mpya kwamba kila mwanajumuiya atapewa zamu ya kutoa somo la dakika kumi, na lisitoke kwenye kitabu, litoke nyumbani kwake au kijijini kwao. Zamu yangu ni jumamosi ya wiki ijayo. Nimekaa na daftari siku tatu nimeandika mstari mmoja tu, "Mungu ni kama chaja, bila yeye betri inaisha", nikamsomea waifu akacheka mpaka akakaa chini, anasema hiyo ameshaisikia kwa wahubiri wa kwenye daladala mara hamsini.

Kingine kinachonitia uoga, mwezi uliopita nilishika watoto wa sandei skuli mwalimu wao akiwa anaumwa, nikawapa ule mfano wa Luka 15 wa yule mwanamke mwenye shilingi kumi akapotewa na moja, akawasha taa akafagia nyumba nzima. Katoto kamoja ka miaka kama saba kakanyoosha mkono, "sasa mwalimu shilingi moja si hata pipi haununui, kwa nini asiache tu?" Darasa zima kicheko na mimi nikacheka ila jibu sikuwa nalo, nikasema tuimbe.

Mimi nimezaliwa Dar nimekulia Dar, kwetu Upareni naenda krismasi moja baada ya tatu, jembe silijui ng'ombe simjui. Nyumba yangu ni vyumba viwili vya kupanga, tanki la maji, luku na TV. Hapo somo liko wapi jamani?

---

MamaVitumbua_Buza

Mwanangu huyo waifu wako mpe soda, kakuokoa na aibu.

Mi nauza vitumbua mwaka wa kumi na moja sasa. Jioni naloweka mchele, usiku nasaga na tui na iliki naweka amira kijiko, nafunika sufuria na kitambaa nalala. Saa kumi usiku naamka nafunua, kama mambo mazuri unakuta juu kuna vipovu vidogo vidogo kama macho ya dagaa na harufu imebadilika, hapo nawasha mkaa. Sasa ile habari ya chachu kwenye Mathayo 13, mwanamke anaificha ndani ya pishi tatu za unga mpaka wote unachachuka, nilikuwa naisikia kanisani tangu mdogo naona ya kawaida tu, mpaka mwaka ule mwanangu wa kwanza alipoacha kwenda kanisani kabisa. Nilikuwa namfuata kila siku. Umesali? Umesoma neno? Jumapili unaenda? Mtoto akawa akiniona anaingia chumbani anafunga mlango.

Basi usiku mmoja wa mwezi wa saba, baridi ile ya kipupwe unajua unga haupandi haraka, nikawa na wasiwasi wa oda ya watu, kila nusu saa naamka nafunua sufuria naangalia. Mume wangu akasema kwa usingizi, "mama fulani, ukifunuafunua hivyo unaipiga baridi, itaumuka saa ngapi?" Nilikaa pale jikoni nikalia peke yangu. Mwanangu nilikuwa namfunuafunua.

Sijasema ameokoka, maana najua mtauliza. Anakuja kula jumapili mchana, mlango hafungi tena. Bado nimefunika.

---

MzeeWaKuhoji

Mama hapo juu nakupa heko, hiyo ni ya kwako umeitoa jasho. Ila kijana ngoja nikwambie ukweli maana hapa watakupamba.

Huu mtindo wa kila kitu kuwa somo umetuharibia. Umeme ukikatika "ni giza la dhambi". Ubwabwa ukiungua "ni mtihani". Ndugu yangu wakati mwingine ubwabwa umeungua kwa sababu ulikuwa kwenye simu, basi. Na kuna ubaya mkubwa kuliko huo, mtaani kwetu maji yalikata wiki tatu, mtu akasimama jumuiya akatoa somo zuri sana la uvumilivu wa Ayubu, wamama wote amina amina, wanatoka pale wanaenda kununua dumu shilingi elfu moja na hakuna hata mmoja aliyefikiria kwenda ofisi ya serikali ya mtaa. Hilo somo lilikuwa la nani? Aliyefaidi ni muuza maji.

Na kama mnataka Biblia, Luka 18 kuna mjane na yule kadhi dhalimu. Yule mama hakutoa somo kuhusu shida yake, alienda ofisini, akaenda tena, mpaka kadhi akachoka naye. Yesu akamsifu king'ang'anizi.

---

KijanaWaKinyerezi

Mama shikamoo. Nimesoma mara mbili, waifu naye kasoma, kanyamaza tu.

Mzee nimekuelewa, na hili la maji hata huku kwetu lipo. Ila sasa ndo umenifunga kabisa, maana nikiongea kuhusu tanki nitaonekana nawatuliza watu.

---

DukaLaKona

Mimi nina duka Tabata, watu wananiita Mangi kama wenye maduka wa Kichaga ingawa ni Mngoni wa Songea, nimeshazoea.

Somo langu ni daftari la madeni. Kuna mama mmoja mjane alikuwa anachukua unga, mafuta ya kupima, sabuni kipande, analipa mwisho wa mwezi vizuri tu. Mwaka jana akaugua, deni likafika elfu 47. Nikasema moyoni huyu nimsamehe. Nikachukua peni nikapiga mstari, nikajisikia mtakatifu kama dakika tano hivi. Halafu jumatatu naenda Kariakoo kununua mzigo nakuta hela ya mfuko wa sukari haitoshi. Elfu 47 haikuyeyuka hewani bwana! Mama amesamehewa ni kweli, lakini imelipwa, aliyeilipa ni mimi, wiki nzima wateja wanauliza sukari nasema imeisha. Toka siku hiyo nikisoma Wakolosai 2 pale inaposema hati ya kutushitaki ilifutwa ikagongomewa msalabani, siisomi kama zamani. Msamaha wa bure ni bure kwa anayepewa tu.

Nikaenda kwenye Mathayo 18 ya yule mtumwa aliyedaiwa na bwana wake talanta elfu kumi nikapiga kikokotoo. Talanta moja ni kama dinari 6,000, na dinari ni kibarua cha siku moja. Kwa hiyo ni siku milioni 60 za kazi, ukipiga siku 300 kwa mwaka anatakiwa afanye kazi miaka 200,000. Halafu anapiga magoti anasema "nivumilie nitakulipa yote" 😂 nina wateja wa hivyohivyo.

---

AbuuWaTandika

Assalaam alaykum, mimi Muislamu nimepita tu, msinifukuze. Jirani yangu Mkristo aliwahi kuniuliza hiyo pishi kwenye hadithi yenu ya chachu ni kiasi gani, nikamwambia sisi pishi tunaijua vizuri sana, zakatul fitri, ile sadaka ya mwisho wa Ramadhani, kila kichwa ni pishi moja ya chakula, vibaba vinne, kama kilo mbili na nusu za mchele. Kwa hiyo pishi tatu ni kilo saba na nusu hivi. Mama Vitumbua sahihisha kama nimekosea, wewe ndo mwenye mizani.

---

MamaVitumbua_Buza

Hujakosea baba. Kilo saba na nusu ni oda ya shughuli hiyo, mi siku ya kawaida sisagi hata nusu yake.

---

MsomajiKimya

Naomba niongeze hapo kidogo. Abuu yuko sahihi kwa pishi yetu ya pwani, ila waliotafsiri walitafuta kipimo ambacho Mswahili anakijua. Kwenye Kiyunani neno ni saton, na saton moja inakaribia lita 13. Tatu ni kama lita 39. Yaani chukua zile ndoo za plastiki za lita 20, mbili, zijaze unga karibu mpaka mdomoni. Huyo ni mwanamke mmoja jikoni kwake! Hapiki chai ya watoto huyo, mikate ya unga huo inalisha watu kama mia. Na ukienda Mwanzo 18, wale wageni watatu walipofika kwa Ibrahimu, Sara aliambiwa akande vipimo vitatu vya unga, vilevile vitatu. Wageni watatu, unga wa mtaa mzima.

Na kuhusu yule mtoto wa shilingi kijana, mtoto alikuwa sahihi. Kiyunani ni drakma, thamani yake ni kama ile dinari ya Mangi, ujira wa kutwa. Mwambie hivi, mama ana noti kumi za elfu kumi kumi kafunga kwenye pindo la kanga, ni kodi ya nyumba, moja imedondoka na nje giza na luku imeisha. Uone kama atauliza kwa nini asiache. Ni ubaya wa sisi tunaofundisha, tunabeba neno "shilingi" kama lilivyo bila kuuliza ilikuwa inanunua nini.

---

BintiWaIfakara

Mi nipo Mbezi ila wazazi wanalima mpunga Ifakara, nilishapalilia sana likizo za shule kwa hiyo ule mfano wa magugu katikati ya ngano, Mathayo 13 hiyohiyo, naujua kwa mgongo.

Kuna kitu kinaitwa mpunga mwitu. Ukiwa mdogo huwezi kuutofautisha na mpunga wa kweli, majani yaleyale rangi ileile, mama yangu mwenye miaka arobaini shambani naye anakosea. Ukija kutoa masuke ndo unaujua, na punje zake zinapukutika chini kabla hujavuna kwa hiyo mwaka unaofuata upo tena. Mwaka mmoja nilijifanya najua, nikang'oa kwa bidii mstari mzima, jioni baba kapita kaokota mashina yangu kaangalia moja moja, kaniambia tu "mpunga... mpunga... mpunga... mwitu... mpunga". Hakunichapa, bora angenichapa.

Kuna kanisa niliwahi kusali, silitaji, kwaya ilimsimamisha mwenzetu kwa maneno ya watu kwamba ana mimba. Hakuwa na mimba, alikuwa na uvimbe tumboni, alifanyiwa upasuaji. Hakurudi tena kwaya. Kila nikisoma ile "msije mkakusanya magugu na kuzing'oa ngano pamoja nayo" naisikia sauti ya baba yangu na vile vishina mkononi.

---

MzeeWaKuhoji

Binti hapo umeniumiza. Siongezi neno.

Ila naona kitu kimoja kijana, angalia waliochangia vizuri hapa, hakuna hata mmoja aliyeanza na somo halafu akatafuta mfano. Mama alikuwa ana wasiwasi na oda. Mangi alikuwa anataka sukari. Wewe unaanza na notsi ndo maana unapata chaja.

---

KijanaWaKinyerezi

Wakuu nimerudi na mrejesho, jumamosi imepita.

Chaja niliiacha nyumbani. Nilichukua ndoo mbili za lita 20 tunazochotea maji kwenye tanki, nikazikausha, nikaenda nazo. Tulikuwa kwa mjumbe mmoja uani, watu kama kumi na nane, nikaziweka katikati nikasoma Mathayo 13:33, mstari mmoja tu, nikawauliza wamama, unga wa kujaza hizi mbili mtu mmoja anaukandaje?

Basi mimi sikuongea tena. Mmoja anasema hawezi peke yake lazima aite majirani, mwingine anasema hata beseni la kukandia hana, ataazima msibani, wakaanza kubishana amira vijiko vingapi. Bibi mmoja ambaye huwa hasemi kitu tangu nihamie huku, akauliza, "sasa huyo mwanamke alikuwa anapikia shughuli ya nani?" Wote wakanigeukia mimi. Nikasema bibi sijui, haijaandikwa. Akasema, "basi na sisi tumealikwa," akacheka na meno yake mawili, kila mtu akacheka.

Dakika kumi zikawa arobaini. Mwenyekiti akataka kufunga kwa sala, mama mmoja akasema kabla hatujafunga, nyumba ya tatu kutoka hapa kuna baba kafiwa na mkewe ana watoto wanne na leo ni siku ya tisa majirani wameshaacha kupeleka chakula, tumeongea unga asubuhi nzima. Daftari la michango likatolewa. Mchele umepatikana, maharage yamepatikana, mafuta bado.

Mzee wa Kuhoji, habari ya maji nayo iliingia, watu sita tunaenda ofisi ya mtaa jumatatu.

Ndoo moja imebaki kule imebebewa mchele. Waifu anaulizia, nimemwambia itarudi. Mama Vitumbua, naomba unielekeze hapo Buza unakaa upande gani, kuna mtu anataka oda ya vitumbua mia mbili na nimemwambia asikufunuefunue.