Mrejesho: Dogo wa PCB (Fizikia, Kemia na Baiolojia) mwenye E mbili na S

Wakuu, niliwauliza kama mdogo wangu mwenye E ya Kemia, E ya Baiolojia na S ya Fizikia kidato cha sita anaweza kupata digrii. Moja kwa moja haiwezekani. Principal zake mbili (ufaulu kamili, yaani zile E; S ni ufaulu mdogo) zinampa pointi 2.0, TCU (tume ya vyuo vikuu Tanzania) wanataka 4.0. Mzee alishikilia arudie mtihani kama mtahiniwa wa kujitegemea, dogo akagoma (mpaka leo hawasalimiani vizuri). Kilichombeba ni cheti cha kidato cha nne: C mbili, na Fizikia D. Kwa hicho amepata diploma ya utabibu, miaka mitatu. Akimaliza na GPA (wastani wa alama za chuo) isiyopungua 3.0 ataomba digrii. Koti jeupe keshanunua, linamfika magotini. Asanteni mliomshauri diploma.