Kaunti yetu inataka kutuwekea "mratibu" tena badala ya Mkurugenzi wa Uuguzi. Tumechoka!

Ndugu zangu wauguzi, na nyote mnaotibiwa katika hospitali za umma hapa Kenya, nina hasira na sitaificha.

Rasimu ya muundo mpya wa idara ya afya ya kaunti yetu imetoka na nimeisoma yote. Kuna mkurugenzi wa huduma za tiba, mkurugenzi wa afya ya umma, mkurugenzi wa mipango na utawala. Uuguzi umesukumwa chini ya huduma za tiba, kisanduku kimoja kidogo: "mratibu wa uuguzi". Na sisi ndio kada kubwa kuliko zote katika idara hiyo! Nendeni zahanati za mashinani mwone. Daktari hayupo, afisa wa kliniki hayupo. Yupo muuguzi, anachanja, anazalisha, anatoa dawa, anajaza ripoti za mwezi na jioni anafunga mlango mwenyewe.

Mratibu tuliye naye namheshimu, ni mama anayeijua kazi. Lakini miaka yote anakaimu tu. Hana fungu la bajeti, hana saini. Akitaka kumhamisha muuguzi mmoja kutoka kituo chenye watu kwenda kisicho na mtu, anaandika barua ya kuomba, halafu anangoja. Cheo kibogoyo.

Matokeo tunayaona wodini. Hospitali ninayofanya kazi, zamu ya usiku muuguzi mmoja anashika wodi ya wazazi na chumba cha kujifungulia. Mama mmoja anasukuma, mwingine ameshazaa na damu haikatiki, wa tatu mapigo ya moyo ya mtoto wake yalipaswa kusikilizwa kila nusu saa. Patografu, ile chati ya kufuatilia uchungu wa uzazi, inajazwa asubuhi kwa kukumbuka. Likitokea la kutokea, anayeandikiwa barua ajieleze ni muuguzi. Aliyepanga zamu ya mtu mmoja haguswi.

Hata glavu. Zililetwa katoni za saizi 8 tupu, na wengi wetu tunavaa 6 na nusu au 7. Jaribu kushona msamba usiku, glavu inakunjamana kwenye ncha za vidole! Angekuwepo muuguzi mwenye saini kwenye ununuzi, katoni zile zisingeshushwa.

Na wasituambie sheria imewafunga mikono. Sheria ya Afya ya 2017, kwa ngazi ya taifa, inataja kurugenzi ya uuguzi waziwazi, sambamba na ya tiba, ya dawa na ya afya ya umma. Kwa kaunti, sheria hiyohiyo inataka mkurugenzi wa afya awe daktari aliyesajiliwa. Basi kiti hicho muuguzi hakikalii, hata awe na shahada ya uzamili na uzoefu wa kuendesha hospitali. Ndiyo maana tunadai chetu.

Mwaka huohuo wa 2017 Shirika la Afya Duniani lilimteua Elizabeth Iro, muuguzi na mkunga kutoka Visiwa vya Cook, kuwa afisa wake mkuu wa uuguzi. Sisi tulikuwa barabarani, mgomo ulioanza Juni ukafika Novemba, wagonjwa wanarudishwa langoni. Mambo yetu yanasikika tukishaweka vifaa chini, kwa sababu bajeti inapopangwa hatuna mtu mezani. Wenzetu wa UHC, mpango wa serikali wa afya kwa wote, walioajiriwa kwa mkataba 2020 wanajua ninachosema.

Hoja ya kwamba hakuna pesa ya mshahara wa mkurugenzi mmoja siikubali, maana rasimu hiyohiyo imeongeza nafasi nyingine za wakurugenzi.

Tunachotaka ni nafasi itangazwe na bodi ya utumishi ya kaunti, iwe ya muuguzi aliyesajiliwa, yenye fungu lake la bajeti na mamlaka juu ya upangaji wa wauguzi. Tunaandaa ombi rasmi kwa bunge la kaunti kabla rasimu haijapitishwa. Mlio katika kaunti ambazo tayari zina mkurugenzi wa uuguzi, wekeni hapa tangazo la kazi lilivyoandikwa, hasa sehemu ya majukumu. Tunalihitaji wiki hii.