Nina shahada ya sheria, moyo uko kwenye falsafa ya sheria. Mjomba hataki kusikia

Mwana_Nyalenda: Hamjambo wote. Niko Kisumu, shahada nimeshapata. Mjomba aliyenilipia karo anataka niende Kenya School of Law, niapishwe, nifungue ofisi karibu na mahakama. Mimi nataka uzamili na uzamifu katika falsafa ya sheria, nifundishe chuoni. Nilipomweleza akasema hayo ni mambo ya Wazungu, kisha akaniuliza, "Hiyo inalipa kodi ya nyumba?" Nimjibu nini?

WakiliWaMtaa: Mjibu kwamba utaapishwa kwanza. Ni masomo, miezi sita chini ya wakili, mitihani, basi. H.L.A. Hart mwenyewe, yule mwanafalsafa wa sheria Mwingereza, alifanya uwakili London tangu 1932 hadi vita vilipomkuta, akarudi Oxford kufundisha falsafa 1945, na kitabu chake kikuu kikatoka 1961. Alichelewa wapi?

BintiGem: Hart alikuwa Hart. Hapa kwetu ukishaonja ada ya kesi moja ya shamba, darasani hurudi ng'o! Muulize mjomba kama anakumbuka kesi ya S.M. Otieno. Mwili ulikaa mochari miezi mitano, mahakama zikibishana kama Otieno, wakili wa Nairobi mwenye mke Mkikuyu, azikwe kwa mila za Kijaluo au mjane ndiye aamue. Na kati ya mashahidi alikuwemo Prof. Odera Oruka, mwanafalsafa. Hayo mambo ni ya Wazungu?

Okello_K: Akisikia Nyalgunga, alikozikwa Otieno, ataelewa bila slaidi 😂

MwalimuWaJioni: Nafundisha kwa vipindi, na malipo huja yanapojisikia kuja, kwa hiyo swali la kodi si la kijinga. Bila uzamifu ajira ya kudumu ni ngumu, na hata ukiupata utapewa pia mikataba na ardhi ufundishe. Ila usimwendee profesa na "napenda falsafa." Mpelekee swali. Kwenye kesi ya BBI, ule mpango wa kubadilisha katiba ya Kenya, Mahakama Kuu na ya Rufaa zilikubali mwaka 2021 kwamba katiba ina muundo msingi usiobadilishwa kwa njia ya kawaida. Mahakama ya Juu ikaikataa hoja hiyo Machi 2022. Kwa nini? Andika kurasa kumi ndipo uombe ufadhili.

Mwana_Nyalenda: Asanteni sana. BintiGem, mjomba ni wa Siaya na mazishi yale ya 1987 alikuwepo! Jumamosi namwanzia hapo. Kurasa kumi naanza leo.

WakiliWaMtaa: Na fomu za uwakili ujaze pia, bwana.