Naomba ushauri: fundi mkuu anakubali kikaoni, saiti anafanya lake

Shikamooni wakubwa, na wenzangu habari za kazi.

Nasimamia ujenzi wa madarasa mawili ya shule ya msingi kijijini. Kamati inanunua vifaa, fundi analipwa ufundi tu. Fundi mkuu ni mzee wa rika la baba yangu na kazi anaijua kweli. Ukuta wake umenyooka, hilo simnyimi. Shida ni zege la lenta, yaani ule mkanda wa zege juu ya milango na madirisha unaopokea uzito wa paa. Tulikubaliana limwagiliwe maji asubuhi na jioni kwa siku 7 angalau, maana likikauka haraka kwa jua hili linapasuka na halifikii nguvu yake. Kikaoni anaitikia "sawa mwanangu". Nikirudi, zege ni kavu na vijana wamehamishiwa saiti nyingine. Masika yanakaribia, naelewa anakimbizana na muda, lakini kuna watoto watakaokaa chini ya hilo paa.

Nimebandika ratiba stoo, nimezungumza naye faragha, na kijana mmoja nimempa jukumu la kumwagilia. Fundi akimtuma kwingine anaenda, kwa sababu anayemlipa ni fundi, si mimi.

Mkataba unalipa kwa hatua ila haukutaja ukaguzi. Je, inawezekana katikati ya kazi kuweka sharti kwamba hatua inayofuata ilipwe baada ya mhandisi wa halmashauri kukagua, bila fundi kususa? Na mazungumzo hayo niyaanze mwenyewe, au nipitie kwa mwenyekiti wa kamati, ambaye ni wa rika lake?

Mliowahi kuongoza mafundi waliowazidi umri, naomba mnielekeze. Lenta ya darasa la pili tunamwaga wiki ijayo.